Nauli Ipo, Dawa Ipo. Je, Mama Atakula Nini Nairobi?

Katika kila kikao cha familia kinachoitishwa ili kumpeleka mgonjwa Nairobi, huandikwa orodha. Juu kabisa huandikwa fedha za hospitali. Chini yake huja nauli ya kwenda na kurudi, kisha malazi, kisha dawa zitakazohitajika. Orodha husomwa, kila mmoja hutaja atakachotoa, mzee huomba dua, na watu hutawanyika wakiwa wameridhika kwamba haki ya udugu imetimizwa. Lakini mstari mmoja mara nyingi huwa haumo: chakula cha yule atakayemsindikiza mgonjwa. Na kwa kuwa msindikizaji huyo kwa kawaida ni mwanamke, awe mama, dada, binti au mke, makala haya tumeyakusudia kwake, na kwa wale wote wanaoketi naye katika kikao hicho.

Tumeuchagua mji wa Nkubu kuwa mfano wetu. Nkubu iko Imenti Kusini, kaunti ya Meru, kwenye barabara kuu itokayo Meru kwenda Embu, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu huenda akauliza: ya nini kwenda mbali hivyo kutafuta mfano, na hali wagonjwa wetu wenyewe kila siku wapanda gari kwenda Nairobi? Sababu ni hii: ukitaka kuujua ukali wa mji mkuu, mtazame mtu atokaye penye neema. Nkubu ni nchi ya mvua na udongo mzuri. Ndizi, nduma (ambazo sisi wa pwani twaziita majimbi), viazi vikuu, viazi vitamu, mahindi, maharage, parachichi, chai na kahawa, vyote vyastawi katika miteremko ile. Ndizi huko huuzwa kwa mkungu. Mtu huyo huyo, akishateremka Nairobi baada ya mwendo wa zaidi kidogo ya kilomita 200, hujikuta akinunua ndizi moja moja kwenye meza ya kando ya njia, na pengine ni ndizi ile ile iliyopakiwa lorini shambani kwa jirani yake siku chache nyuma. Ikiwa mtu wa Nkubu aweza kulala na njaa katika mji unaolishwa na shamba lake, basi hakuna kati yetu aliyesalimika na jambo hili.

KWA NINI MGENI HULA GHALI

Twapenda kusema kwamba Nairobi ni ghali, na ni kweli. Lakini ukali huo haumpati kila mtu kwa kiwango kimoja. Mwenyeji wa Pumwani au Kibra mwenye kipato kidogo huishi katika mji huo huo na kulisha watoto watano. Mgeni hula kwa gharama kubwa kuliko yeye, na sababu zake ni tatu. Kwanza, mgeni hununua sahani moja moja, hali mwenyeji hununua sufuria nzima. Pili, mgeni hununua akiwa tayari ana njaa, na mwenye njaa huingia mlango wa kwanza anaouona. Tatu, mgeni hana jiko, wala kabati, wala jirani wa kumwazima chumvi.

Kwa safari ya siku moja au mbili, hayo yavumilika. Lakini matibabu mengi yanayowapeleka watu wetu Nairobi si ya siku mbili. Matibabu ya saratani kwa mionzi, kwa mfano, kwa kawaida hutolewa siku tano za wiki, na huendelea kwa wiki kadhaa. Mgonjwa wa namna hii aghalabu halazwi wodini. Huja hospitalini, hupata matibabu yake, kisha hurudi alikofikia. Kwa hivyo hula nje yeye pamoja na msindikizaji wake. Bima ya taifa ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, imewekwa kwa ajili ya matibabu. Sahani ya msindikizaji haimo.

Natufanye hesabu, na bei tutakazozitaja ni za mfano tu. Kila msomaji aweke bei atakazozikuta. Tuseme chakula cha mkahawani pamoja na kikombe cha chai ni shilingi 250. Watu wawili, mara tatu kwa siku, ni shilingi 1,500. Kwa wiki moja ni 10,500. Kwa wiki tano ni shilingi 52,500. Fedha hizi ni nyingi kuliko nauli ya watu wawili kutoka Nkubu, nyingi kuliko nauli kutoka Mombasa, na kwa familia nyingi ni nyingi kuliko michango yote iliyoahidiwa kikaoni. Nazo hazikuandikwa popote.

Basi hutokea nini? Mama huanza kupunguza. Kwanza huacha chakula cha mchana, kisha cha usiku hugeuka kuwa chai kavu na kipande cha mkate. Mgonjwa humpa sahani kamili, yeye hukwangua mabaki. Jioni simu ikilia kutoka nyumbani, huulizwa, "Umekula?" naye hujibu, "Nimekula, Alhamdulillahi." Husema hivyo kwa huruma, ili asiwatie simanzi waliobaki. Lakini mwili haudanganyiki. Msindikizaji mwenye njaa husahau saa ya dawa, hushindwa kumwinua mgonjwa, na mwisho huugua yeye mwenyewe. Na liko lililo baya zaidi: fedha zikiisha wiki ya tatu, watu hufunga virago na kurudi nyumbani kabla ya matibabu kukamilika. Matibabu ya mionzi yakikatizwa katikati, manufaa yake hupungua. Hapo utaona kwamba suala la sahani si dogo. Ndilo linaloamua ikiwa fedha zote zilizotangulia zitazaa matunda au zitapotea bure.

KIKAPU CHA KUTOKA NYUMBANI

Dawa ya kwanza hupatikana kabla ya safari kuanza. Anayetoka Nkubu atapita Igoji, Chuka, Embu, Mwea na Thika kabla ya kuingia Nairobi, na kila gari linaposimama wachuuzi hulizunguka. Mwenye chakula chake hawahitaji. Kwa siku ya safari, nduma na viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai ya kuchemsha yasiyomenywa, ndizi mbivu na chai ndani ya thamosi vyatosha kabisa. Vyakula hivi havina mchuzi, havimwagiki, wala havihitaji kupashwa moto.

Kwa wiki ya kwanza, kikapu kichukue vitu vibichi na vikavu. Ndizi mbichi hustahimili siku kadhaa zikiwekwa mahali pa baridi penye hewa. Viazi vikuu, visipokatwa wala kuchubuliwa, hudumu wiki nyingi. Maharage, pojo (ambazo bara huitwa ndengu), njugu na unga wa uji haviharibiki vikiwa vikavu. Tumia kikapu au kiondo; mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, na hata isingepigwa marufuku, ndizi zilizofungwa katika plastiki hutoa jasho na kuoza.

Msafiri wa pwani naye ana hazina yake: mikate ya mofa, tende, kashata, visheti, njugu za kukaanga. Papa mkavu pia ni akiba njema, ijapokuwa majirani wa garini huenda wakaulalamikia.

Kuhusu nyama, liko jambo ambalo ndugu zetu wa kaskazini walilijua zamani. Isiolo, ambayo haiko mbali na Meru, Waborana na Wasomali hutengeneza nyirinyiri: nyama ya ngamia au ng'ombe hukatwa vipande vidogo mno, hukaushwa, hukaangwa mpaka maji yote yaishe, kisha huhifadhiwa ndani ya samli au mafuta. Hiki ni chakula cha wafugaji na wasafiri, na hukaa muda mrefu bila friji. Vijiko viwili juu ya wali au ugali vyatosha kumridhisha mtu mzima. Hupatikana pia Eastleigh, Nairobi. Mwanamke mwenye chombo kimoja cha nyirinyiri ndani ya kikapu ameondokewa na mashaka mawili kwa pamoja: la bei ya nyama, na la kujua imechinjwa na nani.

HALALI NA NAFUU HAVIGOMBANI

Dada zetu wengi hudhani kwamba kula halali katika mji wa ugenini lazima kuwe ghali. Sivyo. Vyakula vya bei nafuu kuliko vyote Nairobi ni vile visivyo na nyama: chapati na maharage, ambazo vijana wa huko huziita chapo madondo, githeri, ambacho kwetu ni pure, wali na ndengu, ugali na sukuma wiki. Hivi huuzwa kwenye vibanda kila mtaa, na humpa mlaji nguvu za kutosha, kwani mahindi na maharage vikiliwa pamoja hukamilishana katika kuujenga mwili.

Hata hivyo, uliza maswali mawili bila kuona haya. La kwanza: je, maharage haya yamepikwa kwa mafuta gani, au kwa supu ya mifupa? La pili: je, kijiko na sufuria hii hutumika pia kwa nyama, na nyama gani? Mwuza chakula mwema hatachukia kuulizwa. Ama soseji na nyama za kusaga zinazouzwa kando ya njia, ziache mpaka ujue asili yake. Ni kweli kwamba machinjio mengi nchini Kenya huwa na wachinjaji Waislamu, lakini mji mkubwa una nyama za kila namna, na penye shaka chakula kisicho na nyama kipo tele.

Anayetaka kula bila kuuliza sana, mitaa ipo. Eastleigh ina mikahawa mingi ya Wasomali. Majengo ya Pumwani ni mtaa wa kale wa Waislamu wa Nairobi, uliojengwa tangu miaka ya 1920, na mpaka leo harufu ya mahamri na viazi vya kukaanga yapatikana humo. Makina, katika Kibra, ni makao ya jamii ya Wanubi, nako si mbali na Hospitali ya Kenyatta. Katikati ya mji, Msikiti wa Jamia ni alama ambayo kila mtu aijua, na jirani yake pana mikahawa ya Waislamu.

Lakini hapa pana mtego. Msindikizaji aliye hospitalini Kenyatta asipande matatu kwenda Eastleigh kila siku kutafuta wali wa bei nafuu. Nauli ya kwenda na kurudi itameza kila alichookoa, na saa mbili zake zitapotea. Chakula nafuu ni kile kilicho nafuu hapo ulipo. Mitaa ya mbali ipitie siku ambayo safari nyingine imekupeleka huko, kisha ununue cha siku mbili au tatu ambacho hakiharibiki.

MWENYE JIKO NA ASIYE NA JIKO

Kwa safari ndefu, chumba chenye ruhusa ya kupika, hata kikiwa kidogo na kodi yake ikiwa juu kidogo, aghalabu humwacha mtu na fedha nyingi zaidi mfukoni kuliko chumba cha rahisi kisicho na jiko. Kilo moja ya maharage makavu ikipikwa huzidi kilo mbili, na hiyo ni milo minne au mitano ya watu wawili. Pakiti moja ya unga wa kilo mbili ni ugali wa siku kadhaa. Maharage yalowekwe tangu usiku ili yasimalize gesi; pojo huiva haraka zaidi, na kwa mwenye mtungi mdogo hizo ndizo bora.

Kununua nako kuna njia zake. Kwa atakayekaa wiki nyingi, Soko la Wakulima, ambalo wengi huliita Marikiti, huuza mazao kwa jumla, na bei zake za alfajiri si za mchana. Wasafiri wawili au watatu wakishirikiana wataweza kununua kwa wingi na kugawana. Kwa atakayekaa siku tatu tu, kununua kwa wingi ni hasara. Huyo na anunue kwa kipimo kidogo dukani, mafuta ya kupima, sukari ya kupima, na maziwa ya mashine ambayo hununuliwa kwa kiasi chochote cha fedha ulicho nacho. Wenyeji huita utaratibu huo kadogo. Mwenye nyumba anayeishi kwa kadogo mwaka mzima hulipa zaidi mwishowe, lakini kwa mpita njia ni rehema, maana haachi nyuma nusu chupa ya mafuta.

Asiye na jiko naye hajakosa hila. Uji mzito uliotiwa katika thamosi ukiwa unachemka utamfikisha mchana. Mkate, parachichi na mayai ya kuchemsha ni chakula kamili kisichohitaji moto. Lakini tahadhari mbili zishikwe kwa meno. Usiwashe jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za kupasha chai. Moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Tena usiweke wali au mchuzi uliopikwa nje ya friji tangu mchana mpaka usiku kwa kuogopa hasara. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida huanza kuwa hatari, na tumbo la mgonjwa halina nguvu ya kupambana nacho.

Na hapo tuseme wazi: kubana matumizi ni kwa wazima. Mgonjwa ale kama alivyoelekezwa na daktari na mtaalamu wa lishe wa hospitali. Tukipunguza, tupunguze katika nauli, katika vikombe vya chai visivyo vya lazima, katika sahani ya mkahawa. Tusipunguze katika maziwa, mayai na matunda ya mgonjwa.

Waliojaliwa kufikia kwa jamaa wamepata neema, lakini wasiigeuze kuwa mzigo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la msindikizaji ni kikapu chake. Mkungu mmoja wa ndizi na debe dogo la maharage kutoka Nkubu, ukimkabidhi mwenyeji wako siku ya kwanza, hubadilisha mambo yote. Badala ya kuwa mdomo ulioongezeka, unakuwa mkono ulioongezeka. Na mwenyeji naye akumbuke kwamba sufuria ya watano haizidiwi sana na wa sita.

HAKI YA MSAFIRI

Dini yetu imemtazama msafiri kwa jicho la huruma. Imempunguzia sala, imempa ruhusa ya kuiahirisha saumu ya Ramadhani, na katika Surat At-Tawba imemtaja mwananjia aliyekwama miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Kwa hivyo mama aliyeishiwa safarini akipokea msaada hajaomba kwa aibu, amepokea alichowekewa. Na kamati za misikiti yetu zinapogawa, zisimsahau huyu kwa sababu tu kwao anajulikana kuwa na shamba. Shamba la Nkubu halichumiki mtu akiwa Nairobi.

Wako pia wanawake wanaogeuza ukosefu kuwa saumu, wakanuia funga ya sunna kila siku ili wasionekane hawana. Nia ya ibada ni ya mtu na Mola wake, wala hatuihukumu. Lakini anayemwinua mgonjwa mchana kutwa ana haja ya nguvu, na kumhudumia mgonjwa ni ibada inayojitosheleza. Asijidhoofishe hata akaishindwa.

Basi kikao kijacho kinapoitishwa, mwandike mstari wa chakula mapema, chini ya nauli na kabla ya kitu kingine chochote. Hesabuni siku, hesabuni vinywa, andikeni kiasi, na mtajeni mtu mmoja mwenye dhamana ya mstari huo. Msizitume fedha zote siku ya kwanza. Zitumwe kila wiki kwa simu, ili wiki ya tano iwe na chakula kama ya kwanza. Mkwe au jirani anayesafiri kuelekea huko apewe kikapu. Na mpigapo simu jioni, msiulize, "Umekula?" kwani jibu lake mwalijua. Ulizeni, "Leo umekula nini?" kisha nyamazeni, mpaka aseme.